Treni Imesimama Kivukoni: Jimbo Lifanye Nini?

(Hotuba niliyoitoa kwa wakazi wenzangu hapa Ohio, Marekani. Nimeiandika kama nilivyoisema, nikapunguza marudio tu.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zetu, ndugu zangu mliotoka Uvira, Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, na nyinyi vijana mliozaliwa huku huku: ahsanteni kwa kuitoa Jumamosi yenu kuja kusikiliza habari za treni. Najua wengi wenu mmetoka zamu ya usiku na macho bado yanauma. Sitawaweka sana.

Naanza na nililoliona mwenyewe. Novemba iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, treni ya mizigo ilisimama kwenye kivuko chetu, kile cha njia ya shule. Mageti yameshuka, taa nyekundu zinawaka na kuzima, kengele inalia bila kuchoka. Foleni ya magari ilifika mpaka kituo cha mafuta. Nikakaa garini dakika kumi, ishirini, nusu saa. Ndipo nikamwona mtoto wa kiume, umri kama miaka kumi, mkoba mgongoni, amepanda juu ya kiungio kati ya mabehewa mawili. Alikuwa ameshavuka, lakini akarudi katikati, akainama, akampa mkono mdogo wake apande. Nilitoka garini nikipiga kelele. Wakaruka upande wa pili, wakakimbia zao shule.

Hazikupita dakika mbili, ule mlio ukaja. Mnaokaa karibu na reli mnaujua. Treni ndefu haiondoki yote kwa mkupuo. Kichwa kinaanza kuvuta, behewa la kwanza linakaza kiungio chake, linalivuta la pili, la pili linalivuta la tatu, na mshtuko unakimbia kutoka mbele kuja nyuma, ga-ga-ga-ga-ga, mpaka unafika uliposimama wewe. Dereva yuko maili moja mbele, hakuoni. Honi akipiga huisikii. Pale alipokuwa ameinama yule mtoto, vyuma viwili vilikazana kwa kishindo nilichokisikia mpaka kifuani.

Nikapiga simu polisi. Askari akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba wao hawawezi kuwatoza faini wenye treni, mahakama imeshawafunga mikono. Nilidhani ananikwepa. Nikaenda maktaba, nikasoma, nikauliza watu wa sheria. Hakuwa ananikwepa. Alisema kweli, na kweli hiyo ndiyo iliyonifanya niombe nafasi ya kusimama mbele yenu leo.

Ohio ina sheria inayosema treni isifunge barabara kwa zaidi ya dakika tano. Ikizidi hapo, faini kuanzia dola 1,000. Mwaka 2018 kampuni ya CSX ilishtakiwa kwa sheria hiyo katika Kaunti ya Union, kwa kuziba kivuko karibu na kiwanda cha Honda cha Marysville. Kesi ikapanda ngazi hadi mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Agosti 2022 majaji wakaamua kwamba sheria ile haiwezi kutumika, maana mambo ya uendeshaji wa treni yako chini ya serikali kuu ya Washington. Jimbo likakata rufaa, na Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Haya, mtasema, basi kama ni kazi ya Washington, Washington imeweka dakika ngapi? Haikuweka. Hakuna kanuni ya serikali kuu inayoitaja hata dakika moja. Jimbo limekatazwa kulisimamia jambo hili, na aliyekataza hajalisimamia. Ndugu zangu, uchungu wangu wote uko hapo. Ningeambiwa kuna mkubwa anayelishughulikia, ningenyamaza.

Ili tuelewane, lazima niwaeleze mamlaka yamegawanywa vipi, kwa sababu tumetoka nchi zenye mgawanyo mwingine. Tanzania, kwa mfano, usalama wa reli uko chini ya LATRA, mamlaka moja kwa nchi nzima. Mkuu wa mkoa hatungi sheria ya treni. Hapa kila jimbo lina bunge lake na gavana wake, na juu yao kuna Bunge la Washington. Mwaka 1970 Bunge hilo lilipitisha Sheria ya Usalama wa Reli. Inasema sheria za usalama ziwe za namna moja nchi nzima, kadiri inavyowezekana. Jimbo linaruhusiwa kuweka sheria yake mpaka siku serikali kuu itakapotoa kanuni juu ya jambo hilo hilo. Siku hiyo ikifika, jimbo linaweza kuwa kali zaidi kwa hatari ya mahali pake tu, na hata hapo sheria yake isigongane na ile kuu wala isiulemee usafiri unaovuka majimbo. Kisha ikaja sheria nyingine ya 1995 iliyoipa bodi moja ya Washington mamlaka ya peke yake juu ya shughuli za makampuni ya reli. Hiyo ya pili ndiyo iliyotajwa zaidi kesi za vivuko zilipoangushwa.

Sitaki niwe mtu wa upande mmoja. Ile hoja ya namna moja nchi nzima ina maana. Mwaka 1912 jimbo la Arizona lilipiga marufuku treni ya mizigo yenye mabehewa zaidi ya 70, na ya abiria yenye zaidi ya 14. Nia ilikuwa usalama wa wafanyakazi. Lakini treni ndefu inayotoka California ililazimika kukatwa vipande kabla ya kuingia Arizona na kuungwa upya baada ya kutoka. Mwaka 1945 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo. Nyinyi mliowahi kuona foleni ya malori Malaba au Tunduma hamhitaji maelezo zaidi. Mipaka ikiwa mingi na kila mpaka una amri yake, mzigo unaoza njiani.

Lakini historia ina upande wa pili, nao hausemwi sana na wanaotaka majimbo yanyamaze.

Zamani mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini. Mfanyakazi alisimama katikati ya mabehewa mawili, ameinua pete ya chuma kwa mkono, anasubiri behewa linalosukumwa kuja kwake. Sekunde ile vyuma vinapokutana, aiingize pete na kuitumbukiza pini. Akichelewa kidogo, vidole vimekwenda. Wengine walikwenda wazima wazima. Mtu wa kazi hiyo alijulikana kwa mikono yake: aliyepungukiwa vidole alikuwa mzoefu. Mkulima mmoja wa Iowa, Lorenzo Coffin, alimwona mfanyakazi akipoteza vidole hivyo, na tangu hapo hakulala. Akawafuata wakuu wa reli mmoja mmoja, akahutubia makanisani, akaandika magazetini. Viungio vinavyojifunga vyenyewe vilikwisha kubuniwa, na breki za upepo za George Westinghouse zilikuwapo. Makampuni yalisema ni ghali.

Unajua nani alisogea kwanza? Jimbo. Iowa ilipitisha sheria mwaka 1890. Machi 1893, miaka mitatu baadaye, Rais Benjamin Harrison akatia saini sheria ya nchi nzima iliyolazimisha breki hizo na viungio hivyo. Kwa hiyo mtu akikwambia jimbo likisogea ni fujo, mwambie Washington ilijifunza kutoka Iowa.

Sasa tuje nyumbani, East Palestine, mji wa watu wasiofika elfu tano hapa hapa Ohio, mpakani na Pennsylvania. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, karibu saa tatu, treni ya Norfolk Southern yenye mabehewa 149 ilianguka pale. Mabehewa 38 yalitoka relini, na 11 kati yake yalibeba kemikali za hatari. Matano yalijaa kloridi ya vinili, malighafi ya plastiki. Siku tatu baadaye kemikali hiyo ilimwagwa na kuchomwa makusudi kwa hofu kwamba mabehewa yangelipuka. Mnakumbuka lile wingu jeusi. Mwaka uliofuata, Juni 2024, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ilikwenda kusoma matokeo ya uchunguzi wake mle mle mjini, mbele ya wakazi, ikasema kule kuchoma hakukuwa na ulazima.

Nataka tukae kidogo kwenye chanzo. Gurudumu la behewa linazunguka kwenye beringi. Beringi ikiharibika inapata joto, ikizidi inawaka, mwisho ekseli inakatika. Kando ya reli kuna vifaa vinavyopima joto hilo treni inapopita. Treni ile ilipopita Sebring, beringi mbovu ilisomeka nyuzi 38 za Fahrenheit juu ya joto la hewa. Maili 10 mbele, Salem, ikasomeka 103. Kampuni yenyewe ilikuwa imejiwekea kiwango cha 170 ndipo treni isimamishwe ikaguliwe. Kwa hiyo Salem haikusimama, ingawa kamera ya kiwanda kimoja pale ilionyesha moto tayari unang'aa chini ya behewa. Kifaa kilichofuata kilikuwa maili 20 mbele, East Palestine. Pale joto lilisomeka 253. Kengele ikalia, dereva akaanza kufunga breki, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Maili 10, halafu maili 20. Nani aliyepanga vifaa vikae umbali gani, na joto gani ndilo la kusimamisha treni? Kampuni. Kanuni ya serikali kuu juu ya vifaa hivi haikuwapo. Mimi nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na mmoja. Hata mashine ya kufungia maboksi ina karatasi ya mkaguzi ukutani. Beringi inayobeba sumu kupita madirishani kwa watu haikuwa na kanuni.

Ohio ikasogea. Machi 31, 2023, hata miezi miwili haijatimia, Gavana DeWine alitia saini sheria inayotaka idara za jimbo zishirikiane na makampuni ili vifaa hivyo viwepo kila baada ya maili 10 hadi 15, na inayotaka treni ya mizigo iwe na wafanyakazi wasiopungua wawili. Washington, maseneta wetu wawili wa wakati huo, Sherrod Brown wa Democratic na J.D. Vance wa Republican, watu ambao ni nadra kukubaliana, walipeleka muswada wa pamoja. Ukapita kwenye kamati mwezi Mei 2023. Haukupigiwa kura na Seneti nzima mpaka Bunge lile likamaliza muda wake. Na chama cha makampuni ya reli kikaenda mahakamani mwaka huo huo kupinga ile sehemu ya wafanyakazi wawili ya sheria ya Ohio.

Juu ya wafanyakazi wawili lazima niseme kweli, kwa sababu wapo watakaowauliza. Treni ya East Palestine ilikuwa na watu watatu: dereva, kondakta, na kondakta mwanafunzi. Idadi yao haikuizuia ajali. Baada ya kuanguka, hata hivyo, kulikuwa na mikono ya kutosha kukata vichwa vya treni na kuvisogeza mbali na moto. Mnaweza kuniuliza, je, angekuwa mmoja? Jibu lipo Lac-Mégantic, Kanada. Usiku wa Julai 2013, dereva mmoja, peke yake, aliegesha juu ya kilima treni ya matangi 72 ya mafuta ghafi. Akafunga breki za mkono saba, hazikutosha. Kichwa kikashika moto, wazima moto wakaja wakazima injini, upepo wa breki ukavuja taratibu. Treni ikateremka yenyewe gizani mpaka katikati ya mji. Walikufa watu 47.

Niliposoma habari ile nilishindwa kuendelea, nikafunga kitabu. Mimi ni mtu wa Dodoma. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilikuwa inapanda mlima kule Igandu, ikashindwa, ikaanza kurudi nyuma bila breki, kasi ikaongezeka, ikaigonga treni ya mizigo. Watu 281. Rika langu wote tunao wa kwetu katika hesabu hiyo, au jirani, au mwalimu. Nikisema breki, ndugu zangu, sisemi habari ya kusoma tu.

Kanada ilipiga marufuku dereva wa peke yake kwenye treni za mizigo ya hatari mwezi ule ule. Hapa, Mamlaka ya Shirikisho ya Reli iliwahi kuifuta rasimu ya kanuni hiyo mwaka 2019, na ikadai kwamba kuifuta kwake kunayazuia na majimbo yasitunge ya kwao. Hebu fikirini: sitaweka sheria, na wewe usiweke. California, Colorado na Nevada zilikuwa zimeshaweka. Mahakama ya rufaa ikaitupa hoja hiyo Februari 2021. Na Aprili 2024 mamlaka ile ile ikatoa kanuni ya wafanyakazi wawili kwa nchi nzima. Ni njia ile ile ya Iowa.

Nina mfano mmoja tena, nao naupenda kuliko yote. Januari 18, 2002, usiku wa baridi kali, treni ilianguka Minot, North Dakota. Matangi matano yalipasuka, wingu la amonia likafunika mtaa. Mtu mmoja alikufa na mamia waliumia. Walipokwenda kudai haki kwa sheria ya jimbo, mahakama ya shirikisho iliwafungia mlango: serikali kuu ina kanuni za ukaguzi wa reli, basi madai ya jimbo hayana nafasi, hata kama kampuni haikuzifuata kanuni hizo. Watu wa Minot hawakukubali. Waliwasumbua wabunge wao mpaka mwaka 2007 Bunge likarekebisha sheria, likasema wazi kwamba kampuni ikivunja kanuni ya serikali kuu, au mpango wake yenyewe, mtu aliyeumia anaweza kudai kwa sheria ya jimbo lake. Likaongeza kwamba marekebisho hayo yahesabiwe kuanzia Januari 18, 2002. Tarehe yao. Mpaka leo imeandikwa katika sheria ya Marekani, na anayeisoma bila kujua habari za Minot atashangaa imetoka wapi.

Basi kwetu hapa tufanye nini? Nimekaa na jambo hili miezi mingi, na ninaona tusimalize nguvu kumlaumu askari wala meya kwa faini ambazo hawana ruhusa ya kuzitoza. Tuwadai walicho nacho mkononi. Sheria ya 1970 inaruhusu jimbo kuwa na wakaguzi wake wa reli, waliothibitishwa na serikali kuu, wanaokagua njia, mabehewa na mizigo ya hatari kwa kanuni za Washington. Wakiona kosa wanaliandika, nayo serikali kuu ndiyo inayotoza. Ohio inao, chini ya Tume ya Huduma za Umma. Wako wangapi, na mara ya mwisho kupita kwenye njia yetu ilikuwa lini? Hilo ni swali halali kwa mbunge wetu wa jimbo, na hakuna mahakama itakayomzuia kulijibu.

Tume hiyo hiyo ndiyo inayoamua kivuko kiwekewe taa na mageti au la. Na dawa ya kweli ya pale kwetu ni daraja, watoto wapite juu, treni isimame chini itakavyo. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 3 kwa miaka mitano kwa ajili ya kuondoa vivuko vya hatari. Fedha hizo haziji zenyewe. Mji au kaunti lazima iombe, iwe na mchoro, na iwe na ushahidi. Ushahidi ni sisi.

Wazima moto wetu je? Wanajua kinachopita hapa wiki hii? Wamefundishwa? Kuwafundisha na kuwanunulia vifaa ni kazi ambayo jimbo linaweza kuifanya kesho asubuhi bila kuomba ruhusa kwa yeyote.

Na kwa wabunge wetu wa Washington ombi letu ni moja tu, na naomba tuliseme hivyo hivyo sote, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza cha kukwamakwama: wekeni idadi ya dakika, au turudishieni ruhusa ya kuiweka wenyewe.

Sasa tazameni huku ukutani. Picha hii nimeipiga kwenye kivuko chetu. Mnaona kile kibao kidogo cha buluu chini ya taa? Kila kivuko cha barabara ya umma nchi hii kinacho. Kina namba ya simu ya kampuni, ya dharura, inayopokelewa usiku na mchana, na kina namba ya kivuko chenyewe, tarakimu sita na herufi moja. Gari likikwama relini, toeni watu kwanza, wakimbie mbali na reli, kisha mpige namba ile, mtaje namba ya kivuko, kabla hata ya kupiga 911. Treni yenye mwendo inahitaji maili nzima au zaidi kusimama. Anayeweza kuisimamisha mapema ni yule anayepokea simu hiyo.

Na treni ikisimama na kuziba njia, Mamlaka ya Shirikisho ya Reli ina ukurasa wake wa kupokea taarifa za vivuko vilivyozibwa. Andika namba ya kivuko, tarehe, saa iliyoanza, saa iliyoondoka. Ukiona watoto wanapita chini au kati ya mabehewa, andika na hilo. Vijana wawili wameketi pale mezani na simu zao. Mzee yeyote asiyesoma Kiingereza awape maelezo, watamjazia.

Daftari la kivuko ninalo mimi. Tangu Novemba nimeandika mara 23, ndefu kuliko zote saa mbili na dakika kumi. Nitaliacha hapa mlangoni, na kalamu imefungwa kwa uzi. Baraza la mji linakutana Jumanne saa moja jioni na wametupa dakika tatu za kuzungumza. Gari la kanisa litaondoka hapa saa kumi na mbili kamili, tena kwa njia ya juu, tusije tukachelewa kwa treni.